Mkutano wa kijiji na orodha ya TASAF: kutoka vijiji 80 hadi kaya milioni 1.1

Rais John Magufuli alipozindua awamu ya pili ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini jijini Dar es Salaam, Februari 2020, magazeti hayakubeba ukubwa wa awamu hiyo wala mkopo wake. Yalibeba kaya hewa. Uhakiki ulikuwa umeziondoa kaya 73,561 kwenye orodha ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaousimamia mpango huo. Humo walikuwamo marehemu, waliohama, wasiojitokeza kuchukua malipo yao, watu wenye uwezo, pamoja na viongozi wa vijiji na mitaa ambao hawakupaswa kuwemo.

Wengi walisikia wizi tu. Wizi ulikuwepo, sina haja ya kuufunika. Lakini kaya hizo ni chini ya asilimia 7 ya kaya milioni 1.1 zilizokuwa zikilipwa, na sehemu yake zilikuwa halali kabisa siku zilipoandikwa. Bibi aliyekuwa akiishi peke yake aliandikwa, akalipwa, akafa. Kinachonisumbua ni kwa nini nchi ilihitaji uhakiki wa kitaifa kumtambua, wakati kijijini hakuna msiba unaopita bila kitongoji kizima kujua. Majirani walichimba kaburi. Mwenyekiti alikuwepo mazikoni. Jina likabaki kwenye orodha.

Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba TASAF iliposimama vizuri, ilisimama juu ya mkutano mkuu wa kijiji. Ilipopanuka, iliutumia mkutano huo kama muhuri: unagongwa siku ya kuandikisha, kisha unarudishwa kabatini.

Miaka ya majengo

TASAF ilianza 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ya mfuko wenyewe, hadi 2005, iligusa wilaya 40 za Bara pamoja na Unguja na Pemba, ikatekeleza miradi zaidi ya 1,700. Awamu ya pili, kuanzia 2005, ikaenda katika halmashauri zote. Kwa Mtanzania wa miaka hiyo TASAF ilikuwa darasa, zahanati, kisima, nyumba ya mwalimu, lambo. Hata leo ukipita vijijini utakuta vibao vyenye kutu vikitaja mfuko huo.

Utaratibu wake ulikuwa na maneno yake. Kijiji "kiliibua" mradi. Wananchi walikaa kwenye mkutano, wakapanga lipi lianze, wakachagua kamati ya watu wao, kamati ikafungua akaunti benki, fedha zikaingia humo. Wananchi walichangia mawe, mchanga, maji na nguvu kazi. Kamati ilitakiwa kurudi mkutanoni kusoma mapato na matumizi. Palipokuwa na mwenyekiti mbabe au mtendaji mjanja, kusoma huko kulikuwa maigizo. Hata hivyo, katika vijiji vingi watu ambao hawajawahi kusimamia shilingi ya serikali walijikuta wakiweka saini kwenye hundi, wakibishana na fundi kuhusu mifuko ya saruji, wakiulizwa maswali hadharani na shemeji zao.

Majengo yenyewe yalikuwa na ila moja kubwa. Kijiji kiliweza kuibua zahanati, lakini hakikuweza kuibua muuguzi. Mpango wa afya ya msingi wa 2007, MMAM, uliahidi zahanati kila kijiji, na kuta zikapanda mbele ya watumishi. Zahanati iliyokamilika, ikapakwa rangi, kisha ikafungwa kwa kufuli miaka kadhaa kwa kukosa mhudumu, si hadithi ya kijiji kimoja.

Somo lililobaki ndani ya watu halikupigwa picha wala kuwekewa kibao. Linahusika sana na kilichofuata.

Jaribio la Bagamoyo, Kibaha na Chamwino

Mwanzoni mwa 2010, TASAF ilianza kulipa pesa taslimu kwa kaya maskini katika wilaya tatu: Bagamoyo na Kibaha mkoani Pwani, na Chamwino mkoani Dodoma. Lilikuwa jaribio la kitafiti. Vijiji 80 viliingizwa kwenye utafiti, 40 vikateuliwa kwa bahati nasibu kuanza kulipwa, 40 vikabaki vya kulinganisha. Watafiti walipima hali kabla ya malipo, wakarudi 2011 na tena 2012.

Kiasi hakikuwa kikubwa. Hesabu ilikuwa takriban dola 3 kwa mwezi kwa kila mtoto na dola 6 kwa kila mzee wa miaka 60 na zaidi, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, kati ya dola 12 na 36 kwa kaya. Yalikuwa na masharti: mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe kliniki, wa umri wa shule ahudhurie darasani, mzee naye aonane na mhudumu wa afya angalau mara moja kwa mwaka. Waliosimamia yote, kuanzia kutambua kaya hadi kulipa na kufuatilia masharti, walikuwa kamati zilizochaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Matokeo yalikuwa na mchanganyiko unaoaminika kuliko taarifa ambazo kila mshale hupanda. Mwanzoni watu wa kaya zilizolipwa walikwenda kliniki mara nyingi kuliko wenzao. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, ziara zikapungua, kwa kuwa siku za kuugua nazo zilikuwa zimepungua, hasa kwa watoto wadogo. Kaya zilikata bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa wingi. Watoto walivaa viatu. Kuku na mbuzi waliongezeka. Chakula hakikubadilika sana, jambo lililowashangaza wale waliodhani maskini akipata pesa mkononi ataila yote.

Nafuu ya afya ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyokuwa na watumishi wa afya wengi kwa idadi ya watu. Hapo ndipo miaka ya majengo na miaka ya pesa ilipogusana: nauli ya kwenda kliniki ina maana pale tu kliniki ikiwa na mtu ndani.

Tokeo lililonivuta zaidi halihusu afya. Watafiti waliwauliza watu kuhusu viongozi wao. Katika vijiji vilivyolipwa, imani kwa viongozi ilipanda, na ilipanda zaidi kwa waliochaguliwa, kama mwenyekiti, kuliko kwa walioteuliwa, kama mtendaji. Watu waliona viongozi ni waaminifu zaidi na wanasikiliza zaidi, na badiliko hilo lilikuwa kubwa zaidi katika vijiji ambavyo tangu kabla ya jaribio vilikuwa na desturi ya kufanya mikutano mara nyingi. Kumbukumbu za kamati za shule na za afya nazo zilipatikana kwa urahisi zaidi. Pesa iliingia mahali palipo na mazoea ya kuulizana, ikayaongezea nguvu mazoea hayo.

Hata hivyo, vijiji vyote 80 vilichaguliwa miongoni mwa vijiji ambavyo tayari vilikuwa vimewahi kusimamia mradi wa TASAF. Yaani jaribio lilipima nini hutokea ukiwapa pesa za kaya maskini watu waliokwisha fundishwa na zahanati na darasa lao namna ya kushika fedha ya umma mbele ya macho ya wenzao. Halikupima nini hutokea ukienda na noti kwenye kijiji ambacho mkutano wake wa mwisho ulikuwa wa kampeni. Kwa mtafiti hilo ni sharti dogo la kitaalamu. Kwa mpangaji wa nchi nzima, mambo yote yananing'inia hapo.

Kutoka jaribio kwenda taifa

Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu ya TASAF, ndiyo iliyobeba awamu ya kwanza ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, Agosti 2012 mjini Dodoma, na Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 220 za kuanzia. Takwimu za bajeti ya kaya za 2011/12 zilikuwa zimeonyesha asilimia 28.2 ya watu wa Bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na asilimia 9.7 chini ya mstari wa chakula. Hao wa chini kabisa ndio waliolengwa. Mpango wa awali ulikuwa kupanuka taratibu kwa miaka mingi. Badala yake, kazi ya muongo mzima ilifanywa kwa kipindi kifupi, na ilipofika Septemba 2015 kaya milioni 1.1 zilikuwa zimeandikishwa, zenye watu zaidi ya milioni tano, katika vijiji, mitaa na shehia zaidi ya 9,000. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo. Sijui mwanasiasa yeyote duniani ambaye angeomba kasi ipungue.

Siku ya kuandikisha ilikwenda hivi. Wawezeshaji kutoka halmashauri walifika, mkutano ukaitishwa, wakaeleza mpango. Wanakijiji walikubaliana vigezo vya kaya maskini sana kwao: anayekula mara moja kwa siku, nyumba iliyochoka, watoto wasiokwenda shule kwa kukosa sare, asiye na mtu wa kumtegemea. Watu waliochaguliwa na mkutano walipita vitongojini kuorodhesha majina. Kisha likaja dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, wanaoishi humo wangapi, wana nini. Majibu yakaenda makao makuu, kompyuta ikayapitisha kwenye fomula, ikatoa alama. Waliopita walirudishwa kwenye mkutano ili kijiji kithibitishe.

Kwenye karatasi huu ni utaratibu mzuri, na nitautetea mbele ya yeyote anayetaka kuuondoa mkutano na kuiachia kompyuta peke yake. Fomula haijui kwamba nyumba ya bati ni ya mtoto aliyeko Dar es Salaam ambaye hajatuma hata mia tangu ajenge. Haijui kwamba mwenye ng'ombe wawili ni mchungaji tu wa ng'ombe za mwingine. Kijiji kinajua. Kijiji nacho kina yake: kinamsahau mgeni aliyehamia juzi, kinamtenga mama anayeshukiwa uchawi, kinampendelea shangazi wa mjumbe. Ndiyo maana vyombo viwili vinavyosahihishana vilikuwa na mantiki.

Tatizo lilikuwa muda. Mkutano wa kubishana juu ya nani ni maskini kuliko nani hauishi kwa asubuhi moja. Watu wanaona haya kumtaja jirani mbele yake. Mwenye shida hasa hukaa nyuma, wengi hawakuja kabisa kwa sababu siku hiyo walikuwa kwenye kibarua cha watu. Wawezeshaji wakiwa na vijiji vingine vinavyosubiri juma hilohilo, mkutano wa uthibitisho hugeuka kusomewa majina na kupiga makofi. Vijiji vyenye mazoea ya kuulizana vilijua kusema "subiri kwanza, huyu hapana". Vingine vilipiga makofi.

Halafu orodha ikafungwa. Kila kijiji kilikuwa na nafasi zake, zikijaa zimejaa. Aliyekuwa na nafuu 2014, akafiwa na mume 2016, akabaki na watoto wanne, hakuwa na pa kubisha hodi. Kwa wale waliopata, hesabu ilikuwa hivi: ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi, 4,000 kwa kaya yenye mtoto, 4,000 nyingine kwa mtoto mchanga anayetimiza masharti ya kliniki, 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi, zaidi kwa wa sekondari, isizidi 38,000. Mama mwenye mtoto mchanga na wawili wa shule ya msingi alipata 22,000 kwa mwezi, akichukua 44,000 kila baada ya miezi miwili, malipo yasipochelewa. Kwa mtu wa mshahara ni bili ya intaneti. Kwa mama huyo ni mahindi, madaftari, na kifaranga wa kuanzia.

Fedha zilipitia halmashauri, zikabebwa kijijini zikiwa noti, kamati ikalipa mezani, mlengwa akaweka dole gumba. Hapohapo mezani malalamiko mapya yakazaliwa: mchango wa madawati, mchango wa mwenge, mchango wa bima, vikikatwa kabla mtu hajazishika pesa zake. Wakubwa walikemea. Mtendaji anayedaiwa michango na mkurugenzi wake, akiwa amekaa mita mbili kutoka kwa watu mia wenye pesa mkononi, alikuwa na sababu zake za kutosikia.

Lambo la shilingi 2,300

Sehemu ya pili ya mpango iliitwa kazi za ajira za muda. Mtu mmoja mwenye uwezo wa kufanya kazi kutoka kaya iliyo kwenye orodha angefanya kazi siku 15 kwa mwezi, miezi minne, jumla siku 60 kwa mwaka, kwa shilingi 2,300 kwa siku. Mwaka mzima ni 138,000. Kazi zilipangwa zifanyike miezi ya uhaba, kabla ya mavuno, wakati ghala limebaki vumbi na vibarua ni vichache. Walichimba malambo, wakafyeka na kutengeneza barabara za vitongoji, wakachimba makinga maji, wakafukua mifereji ya umwagiliaji, wakaotesha miche.

Kwa kaya, ujira ulisaidia. Kwa kijiji kama mahali, nina mashaka zaidi, na yana sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Sehemu kubwa ya bajeti ya kazi hizi ni ujira, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa sababu lengo ni kumpa maskini kipato. Lakini barabara inahitaji kalavati, na kalavati ni saruji na nondo, si jembe. Lambo linahitaji mtu aliyesomea maji kusema tuta liwe na kimo gani na njia ya kutolea maji ya ziada iwe wapi. Wilaya ina fundi mmoja au wawili wa namna hiyo, na miradi yote ya wilaya inaanza miezi ileile minne. Mvua za kwanza ndizo zinazofanya ukaguzi.

Ya pili ni ya kijamii, nayo imejadiliwa kidogo kuliko inavyostahili. Katika miaka ya majengo, kazi ya kijiji ilikuwa ya kijiji. Tanga na Kilimanjaro wanaiita msaragambo: mwenye duka na asiye na kitu walibeba mawe siku moja. Kwenye awamu ya tatu, kazi ya kijiji ilipewa walio kwenye orodha ya maskini pekee, kwa ujira. Anayepita na baiskeli anawaona wakichimba na anasema hao ni wa TASAF. Barabara ikibomoka, itatengenezwa na wa TASAF. Jaribio la 2010 lilikuwa limetoa dalili: watu katika vijiji vilivyolipwa walisema wako tayari zaidi kushiriki miradi ya maendeleo, ila ushiriki wao wenyewe haukuongezeka. Ni jambo la kuangaliwa kwa uangalifu. Kinachojengwa na maskini kwa niaba ya wote bila mkutano kuamua nani atakitunza, hakina mwenyewe siku ya pili.

Palipokuwa na kamati hai, lambo lilipewa sheria ndogo, zamu ya kusafisha na faini ya anayeingiza ng'ombe majini. Sheria hizo hazikutoka makao makuu.

Uhakiki na wale wasiohesabiwa

Narudi kwenye kaya 73,561. Orodha ya watu inaoza, kama samaki, na haihitaji mwizi ili ioze. Ndani ya miaka mitano watu wanakufa, wanaolewa, wanafuata mashamba, watoto wanakua na kuanza kuleta pesa. Orodha isiyofunguliwa inakuwa ya uongo hata kama kila jina liliandikwa kwa haki. Ukiongeza mwenye tamaa anayejua kuwa mfu fulani bado "analipwa", hapo wizi unaingia. Kwa hiyo, kuweka kaya zote zilizoondolewa chini ya jina moja la hewa kuliwafanya waliozembea orodha waonekane ni waathirika wa wezi.

Upande wa pili wa hesabu haukupata vichwa vya habari. Awamu ya kwanza ya mpango ilifika kwenye kama asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Zile asilimia 30 nyingine hazikuwa na mkutano wa kuandikisha wala dodoso wala kamati ya malipo. Mjane wa huko hakukosea alama, hakuulizwa. Ni vigumu kuamini kwamba maskini walioachwa nje kwa sababu ya mpaka wa kijiji walikuwa wachache kuliko wasiostahili waliokuwa ndani. Lakini anayelipwa bila kustahili ana jina na saini, anaweza kukamatwa. Asiyelipwa ilhali anastahili hana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba yupo.

Serikali na Benki ya Dunia wametaja mara nyingi kwamba tathmini ya mpango ilionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi kwa walengwa umepungua kwa asilimia 10, na ule wa chakula kwa asilimia 12. Sioni sababu ya kuzibishia takwimu hizo. Zinasema nini kilitokea kwa waliokuwa ndani.

Awamu ya pili ya mpango, yenye dola milioni 450 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa Septemba 2019, ilirekebisha hilo la mpaka: iliahidi kufika vijiji, mitaa na shehia zote, na kaya milioni 1.45. Ujira wa kazi za muda ukapanda hadi shilingi 3,000 kwa siku. Ni maboresho ya kweli. Pia yakaja malipo kwa simu na benki, ili noti zisibebwe tena na meza ya makato ife.

Pesa kwenye simu

Malipo ya simu yanaua makato ya mezani, hilo halina ubishi, na nayaunga mkono. Yanaua pia kitu kingine bila kukusudia. Siku ya malipo ilikuwa mkusanyiko. Watu walikaa chini ya mwembe wakisubiri, wakajua nani hajaja na kwa nini, nani amelipwa pungufu, nani amechukua kwa jina la mwingine. Huo ulikuwa uhakiki wa bure kila baada ya miezi miwili, ingawa haukuandikwa popote kama uhakiki. Sasa ujumbe unaingia kwenye simu, na simu ni ya nani? Tangu Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA zilianza kuzimwa. Bibi ambaye vidole vyake vimesuguliwa na mpini wa jembe hadi mashine haivisomi, laini yake imesajiliwa kwa jina la mjukuu. Mjukuu akihamia Morogoro, ruzuku inahamia Morogoro.

Hakuna haja ya kurudi kwenye noti. Kinachohitajika kimo kwenye sheria tangu 1982. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka huo, inakitaka kijiji kifanye mkutano mkuu wa watu wazima wote kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa humo, pale yanaposomwa. Orodha ya TASAF ingekuwa ajenda ya kudumu ya mkutano huo: majina yasomwe, aliyekufa afutwe siku hiyohiyo na muhtasari uende halmashauri, aliyeharibikiwa na maisha apendekezwe, dodoso lake lijazwe ndani ya robo mwaka ifuatayo badala ya kungoja awamu mpya ya mkopo. Fomula ibaki, iwe ya kusahihisha upendeleo wa kijiji. Kamati isome pia hali ya lambo na barabara, na nani ana zamu.

Gharama yake haipo kwenye karatasi. Ipo kwa mratibu wa wilaya, atakayepokea mihtasari ya vijiji 80 au 100 kila robo mwaka akiwa na msaidizi mmoja na pikipiki moja, na kwa makao makuu yanayotakiwa kukubali kwamba idadi ya walengwa itacheza kila baada ya miezi mitatu, wakati mkataba wa mkopo unataka idadi iliyosimama. Wahisani wanapenda namba inayofikiwa na kupigiwa mstari. Mwenyekiti ambaye hajaitisha mkutano tangu mwaka juzi naye atakuwa na la kusema, na mkurugenzi atalazimika kuamua kama ruzuku isimame hadi mkutano uitishwe. Kwa maoni yangu isisimame: maskini hawezi kuadhibiwa kwa uvivu wa mwenyekiti. Kisimamishwe kitu kingine, kama posho ya vikao ya halmashauri ya kijiji hicho, na sababu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata.